Je, Ujira Mdogo wa Kibarua ni Ujira wa Haki?

(Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Boito, na kupigwa chapa katika taarifa hii kwa agizo la Halmashauri)



Halmashauri imetuagiza tuseme maneno machache juu ya ujira wa watu wa kazi wasiohesabiwa kuwa na ufundi. Jambo hili si geni katika nchi yetu ya chai, na kila mmoja wetu ana neno lake juu yake. Hata hivyo twaomba msikilize mpaka mwisho, maana mwanzoni tutasema habari za watu wengine, na mwishoni tutasema habari zetu wenyewe.

Tulianza kulifikiri jambo hili kwa sababu ya ukurasa mmoja katika daftari la misaada. Mwaka huu tulichangia mazishi ya mzee mmoja ambaye hakuwa mwanachama. Alikuwa mchumaji wa majani, mtu aliyetoka mbali, na kwa miaka mingi aliwachumia wanachama watatu wa chama hiki. Alipofariki hapakuonekana kwake fedha za sanduku wala za gari la kumrudisha kwao. Wanachama wakachanga upesi, na kwa moyo mwema, kama ilivyo desturi yetu. Mjane wake alipofika kumchukua alitushukuru sana. Kisha akatuuliza kwa upole, “Kama fedha hizi zilikuwapo, mbona hakupewa alipokuwa hai?” Sisi tulio na kazi ya kuandika kila linalosemwa hatukuwa na jibu la kuandika. Maneno tunayosema leo ni kujaribu kumjibu mama yule.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kibarua maana yake ni barua ndogo. Huko pwani zamani mtu wa kazi ya siku alipewa hati ndogo ya kuonyesha kwamba amefanya kazi ya siku ile, na jina la hati likamshika mtu mwenyewe. Hata watumwa waliokodishwa na mabwana zao kwa kazi ya siku waliitwa vibarua, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Basi tangu mwanzo neno hili halikutuambia habari za mtu, wala za ufundi wake, wala za watoto wake. Lilitaja karatasi tu.

Huku kwetu bara ikaja karatasi nyingine. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya kwanza ikatiwa nguvu, hata kila mwanamume Mwafrika akavaa kipande shingoni. Mwaka 1921 wenye mashamba wa Kizungu walipatana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa kadiri ya theluthi moja. Harry Thuku akasimama kuyapinga hayo pamoja na kipande na kodi. Akakamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kumtaka walipigwa risasi, wengi wakafa. Miaka michache baadaye, katikati ya miaka hiyo ya 1920, makampuni makubwa yakaanza kupanda chai Kericho. Kwa hiyo chai yetu ilizaliwa wakati ambapo ujira mdogo ulikuwa umekwisha kuwa desturi ya nchi.

Wenye kutoa ujira huo walikuwa na hoja, na hoja yao yafaa tuijue vizuri. Walisema kwamba mtu wa kazi ni kama kapera. Amekuja peke yake, mkewe yuko nyumbani ana shamba la mahindi na ng'ombe wachache, na watoto hulishwa na shamba hilo. Basi yatosha apewe fedha za chakula chake, blanketi, na kodi ya Serikali. Hoja hii yaonekana nzuri ukiisikia mara moja. Lakini ukiichungua utaona maana yake: mama aliyebaki nyumbani na jembe lake alikuwa akilipa nusu ya mshahara wa mumewe kwa niaba ya tajiri. Shamba dogo la mahindi lilikuwa likilisaidia shamba kubwa la chai, wala hakuna aliyeliandika katika hesabu.

Watu wa miji walikuwa wa kwanza kulikataa neno hilo kwa nguvu. Mwezi wa Januari 1947 Mombasa yote ilisimama, bandari na reli na hoteli, na Chege Kibachia akawa msemaji wa wafanyakazi. Serikali ikaunda baraza la kuamua chini ya Jaji Thacker, na mishahara ikaongezwa kidogo. Mwaka 1954 ikatoka taarifa ya halmashauri ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, Kamishna wa Kazi. Taarifa hiyo haikuandikwa na wagomaji, bali na watu wa Serikali ya kikoloni yenyewe. Ilisema kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa miji walioajiriwa na makampuni, na karibu robo ya wale wa kazi za umma, walikuwa wakipata mishahara isiyotosha mahitaji ya lazima. Ikasema pia kwamba mshahara usipimwe tena kwa kapera, bali upimwe kwa mtu mwenye mke na watoto. Na sababu zake hazikuwa za huruma tu. Ilionyesha kwamba mtu asiyeweza kuishi na jamaa yake kazini hatulii, huenda na kurudi, hajifunzi kazi, na hatimaye kazi yake huwa ghali kwa mwajiri ijapokuwa ujira ni mdogo.

Yapata miaka sabini imepita tangu taarifa hiyo. Tumepata Uhuru mwaka 1963, na mwaka huo huo vyama vya wafanyakazi wa mashamba vikaungana kuwa Kenya Plantation and Agricultural Workers Union. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya ujira unaostahili, haki ya kujiunga na chama, na haki ya kugoma. Je, tumefika wapi?

Tutazame hesabu. Kwa amri ya Serikali ya mwaka 2024, kima cha chini cha mshahara wa mtu wa kazi ya shamba asiye na ufundi kiliwekwa kuwa shilingi 7,997 na senti 33 kwa mwezi. Kwa amri ya mwaka huo huo, kibarua wa kawaida wa Nairobi aliwekewa shilingi 16,113 na senti 75. Yaani mtu wa shamba alipimiwa chini ya nusu ya mtu wa mji. Sasa tuchukue nyumba ya watu sita, baba, mama na watoto wanne, inayotegemea kima hicho cha shamba. Gawanya fedha hizo kwa siku thelathini, kisha kwa watu sita. Kila mtu atapata shilingi 44 na senti chache kwa siku, na humo mna chakula, mavazi, sabuni, karo, dawa, na sadaka ya Jumapili. Na tukumbuke kwamba mwaka 2022 paketi ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Twauliza, kwa nini mtu wa shamba apewe nusu? Jibu tunalopewa ni kwamba yeye ana bustani, ana kuni, chakula kwake ni rahisi. Wazee wetu, je, hamuisikii tena sauti ile ya zamani? Kapera amevaa koti jipya, lakini ni yule yule.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Mashamba makubwa ya Kericho na Bomet, kwa mikataba yao na chama cha wafanyakazi, yamekuwa yakilipa zaidi ya kima hicho cha sheria, na mengi yalijenga nyumba, zahanati na shule. Tena zipo hoja tatu ambazo mtu mwenye akili hawezi kuzipuuza.

Hoja ya kwanza ni ya ufundi. Wasema kwamba mtu aliyekaa shuleni miaka kumi na miwili, kisha akajifunza kazi ya mitambo, hawezi kulipwa sawa na mtu aliyeingia kazini jana. Sisi twaikubali hoja hii. Kama tofauti hiyo ingeondolewa, nani angewapeleka watoto wake shule? Lakini twaomba mambo mawili yatenganishwe, maana kuyachanganya ndiko kunakopoteza watu wengi. Kumlipa fundi zaidi ya kibarua ni jambo moja. Kumlipa kibarua chini ya mahitaji ya maisha ni jambo jingine. La kwanza laweza kuwa haki, na la pili haliwezi kuhalalishwa na la kwanza. Fundi hapati shibe zaidi kwa sababu mtoto wa kibarua amelala na njaa.

Tena tuulize, ni nani aliyesema kwamba mchumaji hana ufundi? Mweke kijana mgeni kando ya mama aliyechuma miaka kumi. Mama huyo hukusanya majani mawili na chipukizi kwa mikono yote miwili bila kutazama, huacha jani gumu, huweka meza ya mchai sawasawa ili duru ijayo iwe njema, na hajazi kikapu kwa kushindilia hata majani yakaungua kwa joto kabla ya kufika kiwandani. Kijana atachuma kilo chache, na nusu ya majani yake yatakataliwa kwenye mizani. Basi ufundi upo. Kilichokosekana ni cheti. Sisi makarani twajua jinsi neno “asiye na ufundi” linavyoandikwa katika orodha ya mishahara kwa mpigo mmoja wa kalamu, na likisha kuandikwa hudumu mpaka mtu anapozeeka.

Hoja ya pili ni ya bei. Chai yetu huuzwa mnadani Mombasa, na bei huamuliwa na wanunuzi walio ng'ambo za mbali. Bei ikishuka, mwajiri atatoa wapi fedha? Hoja hii ni ya kweli, na mkulima mdogo aijua kwa uchungu kuliko mtu yeyote. Lakini tutazame jinsi tunavyoitumia. Bei ikishuka, mbolea hailipwi nusu, wala gari la majani, wala mafuta. Anayeambiwa avumilie ni mchumaji peke yake, kwa sababu hana ankara ya kutuletea. Na bei ikipanda, ni mara ngapi tumemwita kumwambia kwamba sasa twamwongezea?

Hoja ya tatu ni ya mashine. Wasema ukipandisha ujira utaleta mashine, na mashine moja hufanya kazi ya watu wengi. Hili nalo tumeliona kwa macho. Mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchumia zilichomwa moto katika mashamba ya Kericho, watu wakaumizwa, na uhai ukapotea. Hatuwezi kusema kwamba mashine hazitakuja, maana zimekwisha kuja. Lakini zimekuja wakati ujira ulikuwa mdogo. Kwa hiyo mchumaji aliyekubali ujira mdogo ili kuilinda kazi yake ameukosa ujira na kazi pia. Njia iliyo bora ni wenye mashamba kukaa na wafanyakazi kabla mashine haijafika, kuwafundisha wengine kuiendesha, na kuwapa wanaoachishwa haki zao zote. Moto hauleti mkataba.

Basi, ndugu wanachama, kama tungeishia hapa mngetupigia makofi na kwenda kunywa chai kwa furaha. Tungekuwa tumewalaumu wakoloni, makampuni, Serikali, na wanunuzi wa Mombasa. Lakini mzee tuliyemzika hakuwa akiwachumia hao. Alikuwa akituchumia sisi.

Tangu ilipoanzishwa idara ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo, iliyoitwa KTDA mwaka 1964, watu wa Boito, Kimulot, Mogogosiek na Embomos wamekuwa wenye chai yao wenyewe. Ni jambo la heshima. Baba zetu walichuma kwa kipande, nasi twachuma kwa hati ya shamba. Lakini wengi wetu hatuchumi tena. Wengine tuna kazi mjini, wengine tumezeeka, watoto wako shuleni. Tumeajiri watu. Tumekuwa matajiri wadogo bila kujua, na hakuna chama cha wafanyakazi kinachokuja kukaa nasi mezani. Bei ya kilo ya mchumaji huamuliwa na mwenye shamba peke yake, chini ya mti, na anayekataa huambiwa kwamba wako wengine wanaoitaka kazi.

Mwaka 2025 bonasi ya sehemu zetu ilishuka, na tulinung'unika sana. Tulisema kwamba wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa wamelipwa zaidi yetu kwa jani lile lile. Tulisema kwamba bei tuliyopewa hailingani na jasho letu. Tulisema kwamba waliokata shauri hawakutuuliza. Sisi tuliyasikia maneno hayo, na baadhi yake tuliyaandika kwa mkono wetu. Yalikuwa maneno mazuri na yenye nguvu. Lakini sasa twaomba kila mwanachama ayarudie maneno hayo moyoni, na mahali pa “kiwanda” aweke jina lake mwenyewe, na mahali pa “mkulima” aweke mchumaji wake. Ataona kwamba hakuna hata neno moja linalohitaji kubadilishwa.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Sisi twaketi kivulini, na ni haki yetu kama tulichuma juani zamani. Lakini yeye anayechuma leo katika jua, mvua na mvua ya mawe, kivuli chake ki wapi?

Wako watakaosema kwamba mchumaji alikubali bei mwenyewe, hakulazimishwa. Papa Leo wa kumi na tatu alijibu neno hili katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya watu wa kazi. Alifundisha kwamba kuna haki iliyo juu ya mapatano ya watu wawili, nayo ni kwamba ujira usipungue kadiri ya kumtunza mtu wa kazi mwenye kiasi. Mtu akiyakubali masharti magumu kwa kuogopa jambo lililo baya zaidi, huko siko kupatana, ni kushindwa. Na katika mji wa Philadelphia, mwaka 1944, Shirika la Kazi la Dunia lilitangaza kwamba kazi ya mwanadamu si bidhaa. Wazee wetu waliyajua hayo kabla ya waraka wowote. Katika kokwet, jirani aliyekuja kukusaidia kulima hakuondoka na njaa, na aibu ya kumwacha aondoke hivyo ilikuwa yako, si yake.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Ujira wa kibarua waweza kuwa mdogo kuliko wa fundi, na ukawa wa haki. Lakini ujira usioweza kumlisha mtu na watoto wake, kwa kazi ya mwezi mzima iliyofanywa vizuri, si wa haki, hata ukikubaliwa, hata ukiwa wa desturi, hata sheria isipoukataza.

Hatutaki maneno haya yabaki maneno. Kwa ruhusa ya Mwenyekiti, twaleta mbele ya mkutano huu mambo matano yafikiriwe.

Kwanza, wanachama wenye kuajiri wachumaji wakae pamoja na wachumaji wenyewe, mara mbili kila mwaka, wapatane bei moja ya kilo, ambayo mwanachama hatashuka chini yake. Kipimo kiwe hiki: mchumaji hodari akichuma siku zote za kazi za mwezi, asipate chini ya kima cha Serikali.

Pili, kila mwanachama aweke daftari, aandike kilo za kila siku, na mchumaji awe na nakala yake. Mizani isiyoandikwa ni mama wa magomvi.

Tatu, ujira ulipwe siku iliyopatanwa. Mwenye shamba hungojea malipo ya kiwanda, lakini tumbo la mchumaji halingoji.

Nne, bonasi ikifika, mchumaji aliyedumu na shamba mwaka mzima apewe sehemu yake, hata ikiwa ndogo. Mwaka mbaya sehemu itakuwa ndogo, mwaka mzuri itakua, na hivyo ataonja bei njema kama anavyoonja mbaya. Mama alipwe sawa na mwanamume kwa kilo ile ile, wala mtoto asitolewe shule kuja kujaza kikapu.

Tano, mlango wa chama hiki ufunguliwe kwa wachumaji, kwa kiingilio wanachokiweza, ili wawe wanachama wenye haki ya kusaidiwa, wasiwe wageni wa kuhurumiwa.

Twajua kwamba mambo haya yatapunguza kitu mifukoni mwetu. Wako wanachama wenye michai michache ambao mwisho wa mwezi hubaki na fedha zisizojaza kiganja, nasi hatuwasahau. Kwa ajili yao twasema kwamba mapatano yafanywe pamoja, ili mwema asipoteze kwa wema wake na jirani yake akafaidika kwa ugumu wa moyo. Lakini fedha tunazodhani tumeziokoa katika ujira twazitoa baadaye katika mchango. Twazitoa kwa ajili ya hospitali, kwa ajili ya karo, na kwa ajili ya sanduku. Tofauti ni kwamba zikitolewa kama mchango twashukuriwa, na zikitolewa kama ujira mtu huenda zake kwa heshima bila kushukuru mtu. Huenda ndiyo sababu tumependa kuzitoa kwa njia ile.

Mama yule mjane hayupo hapa leo. Mkutano huu ukikubaliana juu ya mambo haya, twaomba ruhusa ya kumwandikia barua, tumweleze kwamba swali lake liliandikwa katika daftari la chama, na kwamba wanachama walilijibu.

Tumesema hayo kwa unyenyekevu mbele ya wazee, na kama tumekosa mahali twaomba turekebishwe.